UZI: Miguu mizito, hamu ya kukimbia imeisha. Tafuta kilichokula nguvu kabla hujajiita mvivu (wakimbiaji wa Tanga)

Barabara_ya_14 (mleta uzi)

Asalaam aleikum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Kila ikifika Aprili malalamiko ni yale yale: miguu mizito, pumzi fupi, mtu akifika Bombo anataka kugeuza arudi nyumbani. Na majibu ni yale yale: kaza, acha uvivu. Uzi huu ni wa kupinga majibu hayo. Mtu aliyekuwa akiamka mwenyewe saa 11 alfajiri kwa miezi, hawi mvivu ndani ya wiki mbili. Kuna kitu kimekula nguvu zake, na vitu vyenyewe ni vichache na vingi vinapimika.

Tazameni kalenda yetu. Januari na Februari watu wanajiandaa na Kilimanjaro Marathon ya Moshi, ambayo hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Miezi hiyo hapa Tanga ni kaskazi tupu, mchana nyuzi 32 mpaka 33, na mvuke wa bahari juu yake. Miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo. Mashindano yakiisha masika yanaingia, njia zinajaa maji, na hakuna shindano jingine la kulengea karibu. Mwili umechoka, lengo limekwisha, mvua inanyesha. Hamu ibaki kwa kitu gani?

Anzeni na kipimo cha bure. Ukiamka, kabla hujanyanyuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 60 nzima. Usihesabu 15 ukazidisha kwa nne, kosa dogo linakuwa kubwa. Andika kwenye daftari pamoja na saa ulizolala na hamu yako kwa alama 1 mpaka 5. Fanya hivyo siku saba. Mapigo yakikaa 7 mpaka 10 juu ya kawaida yako siku tatu mfululizo, mwili una deni: homa inanyemelea, usingizi haujatosha, maji yamepungua, au mazoezi yamezidi. Mapigo yakiwa ya kawaida na usingizi mzuri, lakini hamu iko kwenye 1 au 2 kila siku, elekeza macho kwenye ratiba na kwenye akili.

Asiyejua kawaida yake apumzike siku tano au sita, achukue namba ndogo anazozipata mwishoni. Hizo ndizo za kuanzia.

Nesi_wa_Pwani

Waaleikum salaam. Naongezea upande wa vipimo, maana wakimbiaji wengi hawaendi kupima kwa kuwa "hawaumwi".

Uchovu uliopita wiki mbili, ambao hauondoki hata ukipumzika, unahitaji zahanati. Omba malaria, wingi wa damu, choo, mkojo na sukari. Kila kimoja kina sababu yake katika mkoa huu:

Malaria haihitaji kukulaza ndipo iwepo. Mtu mzima aliyezaliwa ukanda huu anaweza kutembea nayo akiwa na uchovu na kichwa kinachogonga tu.

Choo ni kwa ajili ya safura. Minyoo hii inaingia kupitia ngozi ya mguu kwenye udongo wenye unyevu, inajishika kwenye utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo. Anayekimbia au kufanya mazoezi peku kwenye majani yenye matope azingatie.

Mkojo ni kwa ajili ya kichocho, hasa kwa waliozoea kuoga kwenye mito na madimbwi ya maji yasiyo ya chumvi. Mkojo wenye damu mwishoni ni dalili, lakini si kila mtu anaiona kwa macho.

Wingi wa damu chini ya 13 kwa mwanaume au chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba ni upungufu. Hapa watu wanapotea njia: damu inaweza kusoma 12.8 kwa dada, akaambiwa uko sawa, na bado akiba yake ya madini ya chuma imekauka. Akiba hiyo hupimwa kwa kipimo kingine kinachoitwa ferritini, na mara nyingi utakipata kwenye maabara kubwa kuliko ya zahanati. Madaktari wengi wa michezo huanza kuitilia maanani ikishuka chini ya mikrogramu 30 kwa lita. Usipime ukiwa na homa au kidonda kinachouma, maana ferritini hupanda mwili unapopambana na ugonjwa, na utadanganyika.

Tafadhali msinunue vidonge vya kuongeza damu na kujimezea kwa kubahatisha. Mwenye selimundu, kwa mfano, anaweza kuwa na upungufu wa damu huku chuma kimejaa mwilini. Kipimo kwanza. Ukiandikiwa dawa, ujue choo kitakuwa cheusi na huenda ukafunga. Hiyo ni kawaida. Nguvu huanza kurudi baada ya wiki chache, ila akiba kujaa huchukua miezi miwili, mitatu. Wengi wanaacha dawa wiki ya tatu kwa sababu wanajisikia vizuri, na ndiyo maana wanarudi pale pale.

Maumivu ya kifua, kuzimia, au kuhema kupita kiasi kwenye mwendo uliokuwa mwepesi: simama, nenda hospitali. Hilo halihusiani na hamu.

Alfajiri_Raskazone

Nesi, na aliyetoka kuugua malaria arudi lini?

Nesi_wa_Pwani

Amalize dozi yote kwanza. Dawa ya mseto ni dozi sita kwa siku tatu, hata kama homa imekwisha siku ya pili. Kisha angalau wiki nzima ya kutembea tu, dakika 20 mpaka 30. Akae bila homa, ale vizuri, na mapigo ya asubuhi yawe yamerudi kwenye kawaida. Baada ya hapo aanze na mchanganyiko wa kukimbia na kutembea. Wiki tatu baadaye akiwa bado anahema kwa mlima wa Bombo tu, apime damu, kwa sababu malaria huharibu chembe nyekundu.

MamaMchicha

Wanangu, mengine ni njaa. Naliona hili hasa kwa mabinti wanaokimbia kupunguza mwili.

Kukimbia kilomita moja hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 akikimbia kilomita 10 ametumia kama 600. Hizo ni chapati mbili na ndizi. Sasa hesabu mtu anayekimbia mara tano kwa wiki, asubuhi anakunywa chai ya rangi kavu, mchana anakula wali kidogo, usiku "sili ugali, unanenepesha". Ndani ya miezi miwili mwili unazima taa za vyumba usivyovihitaji: joto la mwili, uzazi, hamu. Hamu ya kukimbia ni mojawapo ya taa za mwanzo. Hedhi ikikatika miezi mitatu na hakuna mimba, huo si ushindi wa mazoezi, nenda ukaonane na daktari, maana mifupa nayo inadhoofika.

Ukirudi kukimbia, kula ndani ya saa moja. Huna haja ya unga wa makopo. Kifungua kinywa cha mbaazi za nazi na maandazi ambacho tumekulia kinafaa sana: kuna wanga, kuna protini, kuna chuma. Kosa ni kuteremshia chai. Chai na kahawa hushika chuma cha kwenye mbaazi, maharage na mchicha, kikatoka bila kufyonzwa. Sogeza chai saa moja mbele. Mahali pake weka chungwa. Tuna Muheza hapo jirani, machungwa hayatushindi. Vitamini C yake inafungua mlango kwa chuma hicho hicho ambacho chai inakifungia. Dagaa na maini kidogo mara mbili kwa wiki vinasaidia zaidi, kwa kuwa chuma cha nyama na samaki hufyonzwa kirahisi kuliko cha majani.

Na usiku wa kuamkia kilomita nyingi, kula wanga bila woga. Muhogo, viazi vitamu, wali.

Kusi_na_Kaskazi

Shikamoo Mama. Hapo umemaliza.

Mimi nazungumzia joto, maana watu wanaangalia saa zao, wanaona kasi imeshuka, wanakata tamaa wakati mwili wao uko vizuri kabisa.

Alfajiri ya Tanga ni ya baridi kuliko mchana, ndiyo, lakini unyevu wa hewa ndio uko juu kabisa saa hizo. Jasho halipoozi mwili kwa kutoka. Linapooza kwa kukauka. Hewa ikishajaa maji, jasho linadondoka chini tu na moyo unalazimika kupeleka damu kwenye ngozi badala ya miguuni. Kwa hiyo mtu anayekimbia kilomita kwa dakika 6 mwezi wa Julai wakati wa kusi, Februari atakimbia kwa dakika 6 na sekunde 20 mpaka 40 kwa juhudi ile ile. Hajashuka kiwango.

Kimbia kwa muda na kwa pumzi. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika, kasi ni sahihi. Mwili huzoea joto kwa siku 10 mpaka 14 za kutoka mara kwa mara, dakika 30 mpaka 60, bila kukimbilia kasi. Siku nne za mwanzo ni mbaya, na hapo ndipo wengi wanaacha.

Pima jasho mara moja ili usibahatishe. Jipime uzito bila nguo kabla ya kutoka, kimbia saa moja, jifute, jipime tena. Mfano: umetoka na kilo 60.0, umerudi na 59.0, njiani umekunywa nusu lita. Umepoteza lita 1.5 kwa saa. Ukipoteza zaidi ya asilimia mbili ya uzito wako, mguu unakuwa mzito, na siku ya pili unaamka umechoka kama mgonjwa. Fidia taratibu ndani ya saa kadhaa, pamoja na chumvi.

Barabara_ya_14

Chumvi tuipate wapi mkuu? Wengi hapa wanamaliza na madafu mawili, wanaona yametosha.

Kusi_na_Kaskazi

Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Jasho ni kinyume chake, linatoa sodiamu zaidi. Kwa hiyo dafu peke yake halizibi pengo. Tia chumvi ya kushika kwa vidole viwili ndani ya dafu, au kula kitu chenye chumvi pamoja nalo.

Siku ya mbio ndefu tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, kamulia ndimu. Pimeni kweli. Chumvi ikizidi inaleta kichefuchefu na hatari, sukari ikizidi inaleta kuharisha. Na msinywe maji matupu lita kwa lita kwa kuogopa kiu. Kurudi nyumbani na uzito mkubwa kuliko uliotoka nao ni dalili ya kuzidisha, na chumvi ya damu ikishuka sana inaweza kuua.

Barabara_ya_21

Naweka kambi hapa. Ila wakuu mnasahau usingizi. Kahawa ya barazani baada ya isha, vikombe vitatu na kashata, halafu mtu anataka kuamka saa 10:30. Kahawa huchukua kama saa tano ndipo nusu yake itoke mwilini. Ukinywa saa 3 usiku, saa 8 usiku nusu bado iko kazini. Unaweza kulala, lakini usingizi ni mwepesi. Baraza tusiiache, mwisho wa kahawa uwe baada ya alasiri, usiku kunywa tangawizi.

Alfajiri_Raskazone

Na kwa anayefunga? Watu wanaacha mwezi mzima kisha wanashindwa kurudi.

Barabara_ya_14

Kuna saa mbili zinazofaa. Ya kwanza ni dakika 30 mpaka 40 kabla ya magharibi, mwendo mwepesi kabisa, ili ukimaliza adhana inakukuta karibu na maji. Ya pili ni baada ya tarawehe, ukiwa umefuturu kwa kiasi. Hapo hata kasi kidogo inawezekana, ila usingizi unapungua, kwa hiyo isizidi mara mbili kwa wiki. Baada ya daku sipendekezi, kwa sababu jasho la alfajiri utalibeba mchana kutwa bila maji.

Punguza jumla ya wiki iwe nusu au chini yake. Lengo la mwezi ule liwe kulinda mazoea tu. Mwenye kisukari au dawa za presha azungumze na daktari kwanza.

Daftari_la_Mbio

Sasa niseme kuhusu ratiba, kwa sababu naona ndiyo inayowamaliza wengi wenye damu nzuri na chakula kizuri.

Kikundi cha jogingi kinatoka pamoja, kuna nyimbo za mchakamchaka, raha tupu. Tatizo: kila siku umbali ule ule na kasi ile ile ya katikati. Mwepesi anajibana, mzito anakimbizwa. Kasi hiyo ni kali mno kupumzisha na ni ndogo mno kukuza mwendo. Mwili hauchoki sana siku yoyote, ila hauponi siku yoyote.

Andika mzigo hivi: dakika ulizokimbia zidisha kwa ugumu ulioupata, 1 mpaka 10. Dakika 30 kwa ugumu 5 ni 150. Ukifanya hivyo siku saba unapata 1,050, na kila siku ni sawa na jana. Sasa 1,050 ile ile igawe tofauti: Jumatatu 0. Jumanne dakika 40 kwa ugumu 3, yaani 120. Jumatano dakika 50 zenye vipande vya kasi ndani, ugumu 6, yaani 300. Alhamisi 0. Ijumaa dakika 50 kwa 3, yaani 150. Jumamosi dakika 40 za kutembea na kukimbia, ugumu 2, yaani 80. Jumapili dakika 100 kwa 4, yaani 400. Jumla haijabadilika, ila sasa kuna siku mbili za kupona na siku mbili zenye maana. Watu wengi hurudiwa na hamu kwa mgawanyo huu tu, bila kupunguza hata dakika moja ya maana.

Wakati wa siku nyepesi mwambie kiongozi wa kikundi kabla ya kuanza kwamba utakaa nyuma. Ukingoja katikati ya njia utaona aibu na utafuata.

Viatu kwa ufupi: povu la kiatu huchoka kati ya kilomita 500 na 800. Cha mtumba kinaweza kuonekana kipya juu huku povu limekauka kwa umri. Bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Lisipobonyea na kurudi, au likiwa na mikunjo mingi ya kudumu, kiache. Weka kiatu mezani kitazame kwa nyuma: kikiinama upande mmoja, magoti yako yatalipa. Miguu inayouma kila siku huua hamu kimya kimya.

Binti_wa_Chumbageni

Asanteni sana. Mimi naomba tuongelee akili, maana kuna mtu kapima kila kitu, yuko salama, na bado hataki kuvaa viatu.

Kwanza atofautishe. Kama ni kukimbia tu ndiko kumemchosha, huku akila, akicheka na kufurahia mengine, tatizo ni lengo au mazoea. Kama hafurahii kitu chochote kwa wiki mbili au zaidi, halali au analala kupita kiasi, anajiona hana thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Aende hospitali, amwambie na mtu wa karibu. Asiambiwe "kakimbie utachangamka" kisha aachwe peke yake.

Kwa wa kundi la kwanza, lengo lisiwe la muda. Baada ya shindano kubwa, wiki mbili tatu asikimbie na saa kabisa. Akirudi, lengo liwe la mahali: Raskazone kwa mguu na kurudi, au njia ya Mapango ya Amboni, au siku moja kwenye ubaridi wa Amani au Lushoto. Lushoto iko kwenye mita kama 1,400, hewa ni tofauti, milima inakulazimisha kwenda polepole bila kujilaumu.

Kanuni ya dakika kumi inafanya kazi ikitumiwa kwa uaminifu: vaa, toka, kimbia polepole dakika kumi. Bado hutaki? Rudi, na siku hiyo imehesabiwa. Kinachoiharibu ni kujidanganya, mtu anatoka kwa dakika kumi kisha anajilazimisha saa nzima. Kesho yake akili inakataa hata kuvaa, kwa sababu imejua ahadi ni ya uongo.

Kwa dada zangu: tafuta mwenzako mmoja, si lazima kikundi. Wengi hawatoki kwa kuogopa giza, si kwa kukosa hamu. Toka kukishapambazuka, miezi ya kusi ni kwenye saa 12:30, na hijabu iwe ya kitambaa chepesi kisichoshika maji. Pamba nzito iliyolowa inaongeza joto kichwani.

Msafiri_wa_Pangani

Siku za mapumziko zinanitia hofu wakuu. Mtu akiacha siku kumi si anaanza upya?

Daftari_la_Mbio

Hapana kaka. Siku kumi hivi hazipunguzi kitu cha maana. Wiki mbili mpaka nne ndipo uwezo wa pumzi hushuka kwa asilimia chache, na hurudi upesi kuliko ulivyojengwa. Mtanzania mwenzetu wa marathoni, Alphonce Simbu, alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, kwenye mashindano ya dunia akapata shaba London 2017, dhahabu ya dunia akaipata Tokyo mwaka 2025. Mbio ndefu zinahesabiwa kwa miaka, siku kumi hazionekani humo.

Ukitaka ratiba ya kurudi, ifuate hii bila kuruka:

Siku 1 hadi 10: usikimbie. Tembea dakika 20 mpaka 30, lala, pima mapigo.

Siku 11 hadi 17: mara tatu tu. Kimbia dakika 2, tembea 1, rudia mara nane. Dakika 24.

Siku 18 hadi 24: siku moja ndiyo, moja hapana. Dakika 25 mpaka 30 mfululizo, kwa kasi ya kuzungumza.

Siku 25 hadi 31: vile vile, na katika siku mbili kati ya hizo, ukimaliza kukimbia, ongeza vipande vinne vya sekunde 20 vya kuchangamka, ukitembea dakika nzima kati yake. Vipande hivi havichoshi, na vinakumbusha miguu kwamba inaweza.

Mapigo yakipanda 7 juu ya kawaida hatua yoyote, rudia wiki iliyopita. Hamu ikiwa 4 au 5 mapema, siku ya 15 mathalani, usiongeze. Hapo ndipo watu wanajichoma tena.

Msafiri_wa_Pangani

Nimeelewa. Na mvua hii? Viatu havikauki.

Kusi_na_Kaskazi

Toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha baada ya saa mbili, weka kivulini penye upepo. Jua kali na jiko vinaachanisha gundi. Siku ya radi usitoke kabisa, ruka kamba barazani: dakika 1 kuruka, dakika 1 kupumzika, mara kumi. Na kwenye madimbwi ya barabarani pita pembeni hata kama unajua njia, mashimo yanahama kila mvua ikinyesha.